Lori likikwama Vurra: siku mbili katika mahame na miji ya kale ya West Nile

Kila mfanyabiashara wa njia ya Arua anaijua siku hiyo. Karatasi ziko kwa wakala wa forodha, dereva amelaza kiti na kujifunika kofia usoni, mzigo uko chini ya turubai, na jibu la dirishani ni lile lile la jana: subiri kesho. Wengi huimaliza siku kwenye kibanda cha chai wakihesabu hasara. Wapo wengine wanaokodi gari dogo, wakamtafuta mzee au mwalimu anayejua habari za eneo, wakaenda kutazama mambo ambayo kwa miaka mingi wameyapita mbio.

Ziara hii haipewi nafasi kubwa katika vijitabu vya utalii. Mgeni hupelekwa Murchison, akaona maporomoko na viboko, na mara nyingi hugeuzwa kabla ya kuvuka Naili pale Pakwach. Na ni kweli kwamba atakayekuja West Nile akitafuta magofu kama ya Kilwa Kisiwani au Gedi atarudi amenuna. Hakuna matao ya mawe ya matumbawe hapa. Kuna kuta za udongo zilizoota nyasi, misheni, majina ya mitaa na jiwe la mpaka. Lakini kwa mtu anayekula kwa kuvuka mpaka, vitu hivyo vina neno la kumwambia kuliko hata Kilwa, kwa kuwa vinaeleza mpaka wenyewe ulitoka wapi na nani aliulipia.

Mwongozaji mzuri huanzia pale pale lori lilipokwama. Vurra imekaa juu ya mgongo wa nchi. Mvua inayonyesha upande wa Arua huteremka hadi Naili na kuishia Misri, kwenye Bahari ya Mediterania. Inayonyesha upande wa pili, kwenye wilaya ya Aru, huingia mito ya Kongo na kuishia Atlantiki. Mpaka wa nchi hizi mbili katika sehemu hii umefuata mgongo huo unaogawa maji. Maji yalikubali kugawanywa, watu hawakukubali. Walugbara wako pande zote mbili, na anayeuza mihogo katika soko la Ariwara na anayeinunua kutoka Arua huelewana kwa Kilugbara bila mkalimani, na si ajabu wakajikuta ni wa ukoo mmoja.

Mpaka huu una mfalme ambaye hakuwahi kukanyaga huku. Mwezi Mei 1894 Uingereza ilimkodishia Leopold II wa Ubelgiji nchi yote ya magharibi ya Naili, kuanzia Mahagi kwenda kaskazini. Ikaitwa Lado. Sharti la kukodi lilikuwa la ajabu: nchi ingekuwa chini yake maadamu yuko kwenye kiti, na akiondoka irudi. Wanajeshi wake walifika Naili kwa vita mwaka 1897, walipowashinda wafuasi wa Mahdi huko Rejaf. Leopold alifariki Desemba 1909. Juni 1910 eneo likakabidhiwa Sudan, iliyokuwa chini ya Waingereza na Wamisri. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikakatwa na kupewa Uganda, nayo ndiyo West Nile. Mkulima wa Vurra aliyepanda ulezi mwaka 1909 akiwa chini ya Wabelgiji, mwaka uliofuata alikuwa mtu wa Khartoum, na miaka minne baadaye mtu wa Entebbe. Hakuwa amehamisha hata chungu.

Katikati ya makabidhiano hayo palitokea jambo ambalo mtu wa biashara atalielewa upesi. Mfalme amekufa, mwenye nchi mpya hajafika, na nchi imejaa tembo. Wawindaji wa Kizungu wakamiminika kutoka upande wa Uganda, miongoni mwao W.D.M. Bell na John Boyes, wakatoa pembe kadiri walivyoweza kubeba kabla mlango haujafungwa. Januari 1910 akafika mwindaji mwingine, huyu akiwa na ruhusa: Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka urais wa Marekani mwaka uliotangulia. Yeye na mwanawe Kermit waliua faru weupe tisa kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Kituo kilichokuwa kando ya Naili, mashariki ya Arua, kinaitwa Rhino Camp hadi leo, kambi ya faru. Faru hakuna tena. Wa mwisho wa aina hiyo ya kaskazini ni majike wawili, Najin na Fatu, wanaolindwa Ol Pejeta nchini Kenya. Rhino Camp ikaja kuwa bandari ambako meli za mtoni ziliteremsha bidhaa za Arua, na siku hizi jina hilo linajulikana zaidi kwa makazi ya wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Kwenda huko na kurudi kunakula siku nzima, kwa hiyo mwenye siku moja tu aliache kando.

Arua mjini, anza na kilima. Mwaka 1914 mkuu wa wilaya wa kwanza wa Waingereza, A.E. Weatherhead, aliweka makao yake hapa, na wenyeji wengi hueleza jina la mji kwa neno la Kilugbara lenye maana ya gerezani. Iwe ndivyo au sivyo, haishangazi kwamba watu walilikumbuka jengo hilo kuliko ofisi nyingine za serikali. Kutoka kilimani unaona mji ulivyopangwa: ofisi na nyumba za wakubwa huku, maduka kule, na wenyeji chini kuelekea mto Oli.

Huko chini ndiko ziara inakopata utamu, hasa kwa msomaji wa Kiswahili. Mitaa inaitwa Tanganyika, Kenya, Bazaar na Pangisha. Hakuna haja ya kuuliza tafsiri ya Pangisha. Mji huu uko mbali na pwani, lakini Kiswahili kiliingia na wanajeshi, na wafanyabiashara, na jirani wa Kongo anayezungumza Kiswahili chake cha Bunia. Hapo hapo utasikia Kinubi, lugha iliyotokana na Kiarabu cha kambi za jeshi, na utamwona mama wa Kinubi amejifunga gurbaba yake mbele ya mikeka ya rangi. Mwambie mwongozaji akupitishe huko kwa miguu, si kwa gari. Historia ya Wanubi itarudi siku ya pili, tutakapofika Dufile.

Misheni za Ediofe na Mvara zinafaa kutazamwa bila haraka nyingi. Wamisionari wa Comboni walikita Ediofe na wale wa Africa Inland Mission walikita Mvara mwaka 1918, kila upande ukijenga shule yake na zahanati yake. Wasomi wa kwanza wa eneo walitoka humo. Wasiosoma walichukuliwa kwenda kuvuna miwa na pamba kusini, maana serikali ya kikoloni iliiona West Nile kama ghala la vibarua na wanajeshi kuliko mahali pa kujenga viwanda. Barabara ya lami ilikawia ajabu. Ile ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, imepatikana katika karne hii. Arua yenyewe ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020.

Kilomita chache nje ya mji, kwenye barabara ya Koboko, mwongozaji atapunguza mwendo. Hapo ni Ombaci.

Pana haja ya kueleza kwa utaratibu kilichotangulia. Idi Amin alipinduliwa Aprili 1979, na mapema Juni mwaka huo majeshi ya Tanzania yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan. Arua iliingiwa bila vita kubwa. Maangamizi yalikuja baadaye. Oktoba 1980 wanajeshi wa zamani wa Amin walivamia kutoka ng'ambo ya mpaka wakashika Koboko na Arua. Jeshi jipya la Uganda, UNLA, liliporudi halikutofautisha mwanajeshi na muuza nyanya. Miji ikachomwa, maduka yakang'olewa mabati, na watu wa West Nile kwa malaki wakavuka kwenda Zaire na Sudan. Waliobaki walijificha walipodhani patakuwa salama. Maelfu walikimbilia misheni ya Wakatoliki ya Ombaci. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliingia humo na kuua watu waliokuwa wamejisalimisha chini ya msalaba. Pana kumbukumbu ya waliouawa, na kila mwaka tarehe hiyo ikifika watu hukusanyika kuwaombea.

Ombaci si mahali pa kujipiga picha ukitabasamu. Omba ruhusa kwa wenyeji wa misheni au chuo kabla ya kuingia, na mwongozaji anayeanza kupiga kelele za kuchekesha hapo mlipe umwache. Wanaokumbuka siku ile wakiwa watu wazima sasa ni wazee. Baadhi yao husimulia, baadhi hukataa, na anayekataa haombwi mara ya pili.

Kuna mkia wa hadithi hiyo ambao wafanyabiashara wa mpakani wanaujua bila kujua chanzo chake. Katika uhamisho wa Zaire na Sudan, vijana waliishi kwa kuvusha vitu. Waliporudi nyumbani miaka ya 1980 walikuta mji hauna kitu, ila ujuzi wa njia walikuwa nao. Hapo wakazaliwa wale vijana wa madumu ya mafuta waliojipanga kwenye makutano ya barabara za Arua, wakauza petroli ya magendo kutoka Kongo, na mji mzima ukawaita Opec Boys. Serikali iliwafukuza, ikawabembeleza, ikawafukuza tena. Mtu akikuonyesha kona walizokuwa wakisimama, ujue unatazama kumbukumbu ya ukimbizi, kama ile ya Ombaci.

Kutoka hapo hadi Koboko ni kama saa moja ya lami nzuri. Milima miwili huisindikiza hadithi ya Walugbara. Mlima Wati uko kulia, mbali upande wa Terego, na Mlima Liru uko mbele, upande wa Koboko. Wazee husema mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ndio waliozaa koo za Walugbara. Dribidu alimponya mwanamke mwenye ukoma aliyemkuta karibu na moto, akamwoa, na mwisho wake ulikuwa Wati. Jaki alifia Liru. Masimulizi haya hayana jengo wala geti la kulipia, na mwongozaji asiyeyajua amejifunza kazi yake juzi.

Koboko, kila mgeni huuliza swali moja: nyumba ya Amin iko wapi? Amin alikuwa Mkakwa kwa upande wa baba, na Koboko inahesabika kuwa kwao, ingawa mahali alipozaliwa hapajaafikiwa. Wengine husema Koboko, wengine Kampala. Alijiunga na King's African Rifles mwaka 1946, akatawala Uganda kuanzia 1971 hadi 1979, akafa Jeddah mwaka 2003 na kuzikwa huko huko. Katika mji huu kuna wanaomtaja kama ndugu na wanaomtaja kama balaa, wakati mwingine ndani ya boma moja. Mwongozaji anayekupeleka kwa Amin tu na kukurudisha Arua amekupunja. Mji uliteketezwa kwa sababu ya jina la mtu huyo, na waliouteketea hawakuwa mawaziri wake. Tazama soko la sasa, magari yenye namba za nchi tatu, na ukumbuke kwamba mwaka 1981 hapa palikuwa pametupu.

Kabla ya jua kuzama, nenda Salia Musala. Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana hapo, na jiwe la mpaka ni dogo kuliko sifa yake. Mkakwa wa hapa ana wajomba Kongo na mashangazi ng'ambo ya Oraba, upande wa Kaya. Sudan Kusini ilitia saini kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, kwa hiyo leo pande zote tatu za jiwe ni Jumuiya moja. Aliyebeba magunia anajua kwamba saini za wakubwa na kamba ya geti ni vitu viwili. Hata hivyo, ni mahali pazuri pa kusimama dakika kumi na kufikiri kwamba mstari unaokugharimu usiku mzima barabarani ulitokana na mkataba wa kukodisha wa mfalme mmoja.

Tahadhari hapa si mapambo. Usipige picha za geti la mpaka, askari wala magari ya jeshi, hata kama mwongozaji anasema haina neno. Beba kitambulisho au pasi. Usivuke jiwe kwa mzaha ili useme umefika nchi tatu. Mwenyekiti wa kijiji apewe salamu kwanza. Salamu hiyo inafungua njia nyingi kuliko barua ya Kampala. Na bei ya gari, mafuta na ujira wa mwongozaji ikubaliwe Arua, kabla ya injini kuwaka, pamoja na swali la nani atampa chochote mzee atakayesimulia.

Mwenye siku ya pili alale Koboko, aamke alfajiri, ashike njia ya Yumbe hadi Moyo, kisha ateremke Naili. Huko ndiko kuliko na mahame yenyewe: Dufile.

Ukifika utaona tuta la udongo na handaki vikizunguka uwanja, na upande uliobaki ni mto. Kituo cha hapa kilianzishwa mwaka 1874, Charles Gordon alipokuwa akitawala jimbo la Equatoria kwa niaba ya Khedive wa Misri. Palichaguliwa kwa sababu ya kibiashara kabisa. Chini yake, karibu na Nimule, maporomoko ya Fola huziba mto. Juu yake maji ni tulivu hadi Ziwa Albert. Basi meli ililetwa vipande vipande mabegani mwa watu, ikapitishwa kando ya maporomoko, ikaunganishwa Dufile. Meli mbili, Khedive na Nyanza, zilitumika hapa wakati ambapo Arua bado haijawa mji.

Baada ya Gordon alikuja Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyeitwa awali Eduard Schnitzer, akawa gavana mwaka 1878. Mahdi alipoikata Sudan na dunia, Emin alibaki huku na wanajeshi wake, akahamia Wadelai mwaka 1885, juu zaidi mtoni. Ulaya ikatuma watu wa kumwokoa. Henry Morton Stanley aliondoka Zanzibar Februari 1887 akiwa na wapagazi zaidi ya 600 wa Kizanzibari, akazunguka kwa Mto Kongo na kupita msitu wa Ituri, ambako wengi wao waliangamia kwa njaa, ndui na mishale. Wakati huo Ulaya ilihesabu kwamba Emin ana akiba ya pembe za ndovu, kama tani 75. Pembe hizo hazikufika pwani. Walioahidiwa faida walipata deni, na wapagazi wa Zanzibar, ambao hakuna tuta wala jiwe linalowataja hapa, walilipa kwa maisha.

Dufile ilikuwa gereza la gavana wake mwenyewe. Agosti 1888 maofisa waliasi wakamfunga Emin humo pamoja na Jephson, msaidizi wa Stanley. Novemba wafuasi wa Mahdi wakaishambulia ngome, wakarudishwa nyuma, na baadaye waliobaki wakaiacha. Emin aliondoka na Stanley mwaka 1889 kwenda Bagamoyo. Sehemu kubwa ya wanajeshi haikwenda. Walikaa karibu na Ziwa Albert chini ya Selim Bey, na mwaka 1891 Frederick Lugard akawaandikisha katika jeshi la kampuni ya Waingereza, wakaenda na wake, watoto na watumishi wao. Kizazi chao ni Wanubi wa Bombo, wa Kibera kule Nairobi, na yule mama wa mikeka ya Arua. Ukimwuliza hajati wa Kinubi asili yake, huenda akataja majina ya vituo vya mto huu.

Wabelgiji waliikalia Dufile tena mwanzoni mwa karne ya 20, wakaihama. Mwaka 2006 wanaakiolojia wakiongozwa na Merrick Posnansky walianza kuchimba na kupima hapa, na kazi yao ikachapishwa kitabuni. Vitabu viko maktaba za mbali. Penyewe kuna nyasi na mto, na vijana wanaochunga mbuzi juu ya tuta. Mvua huliteremsha tuta kidogo kila msimu, na mguu wa mbuzi humalizia. Mgeni anayekuja bila mwongozaji anaweza kuikanyaga ngome nzima akidhani ni konde la zamani.

Kwa sababu hiyo mtu wa kijijini, si wa mjini tu, ni wa lazima Dufile. Yeye ndiye anayejua handaki linapoanzia, wapi wazee walikatazwa kulima, na kituo cha meli kilikuwa wapi. Baadhi ya waongozaji wa Arua wana tabia nzuri ya kuomba ruhusa na kurekodi simulizi za wazee kwenye simu, kisha kumwachia mjukuu nakala. Mfanyabiashara mwenye simu nzuri na saa mbili za kusubiri anaweza kufanya vivyo hivyo, akiwa amekubaliwa. Mzee aulizwe kwanza alikuwa wapi mwaka 1981 au azungumzie Emin Pasha, na aachwe achague.

Kurudi Koboko ni mchana wote, na mtandao wa simu hukatika njiani kabla ya Yumbe. Wakala wa forodha atakuwa amepiga mara nne.